Faini ya Limbert

Fomu ya ofisini kwetu ina kisanduku kimoja tu:
Amerudi kwao? Ndiyo. Hapana.
Kalamu yangu ilisita hapo miaka mitatu.

Nilimjua kwa mikono kabla sijaijua sura.
Wapiga kiwi wa La Paz hufunika nyuso,
kofia ya sufu hadi shingoni, matundu mawili ya macho,
ili mwalimu wako wa zamani anyooshe mguu kwenye kibweta
asijue ni nani anayempigia brashi.
Limbert Ticona: kucha nyeusi tititi,
kovu la kopo kwenye kidole gumba,
pumzi yenye harufu ya gundi asubuhi,
ya mkate jioni, ikiwa siku ilikuwa njema.

Miaka tisa mjini. Aliingia ana kumi.
Nilipomuuliza kwao ni wapi alielekeza juu,
kule kwenye uwanda ambako upepo haupigi hodi.
"Kwetu," akasema, akalirudia neno
kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake.

Basi likatushusha njia panda. Tulitembea saa mbili.
Hapakuwa na vigelegele, wala mnyama wa kuchinjwa.
Shangazi yake Hilaria alikuwa anakanyaga viazi
vilivyogandishwa na baridi ya usiku,
miguu mitupu, maji yakimchuruzika kati ya vidole.
Alimtazama. Akaendelea kukanyaga.
Kisha akasogea kidogo, akamwachia nafasi.

Limbert akavua viatu.
Kofia hakuivua.

Mwezi wa kwanza usiniulize.
Alilala nje ya mlango, paa lilimkaba.
Jirani alihesabu kuku wake kwa sauti kila alipopita.
Watoto walimpa jina: Bila-Uso.
Mwezi wa pili akatoroka. Nikamkuta palepale,
kwenye ngazi za posta, brashi mapajani.
"Viatu, dada?" akaniuliza, kama hanijui.
Nikakaa. Nikanyoosha mguu. Nikalipa.
Ningefanya nini?
Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Wanaosema hivyo hawajakanyaga tope
wakayahisi maji yaleyale, yamehamia tu chini kidogo.

Msimu wa kupanda alirudi mwenyewe.
Sijui kwa nini. Kwenye ripoti niliandika sababu nne,
zote nilizitunga.

Juzi shangazi akanipigia simu, amefura:
"Huyu mtoto wako wamemtoza faini!"
Ilikuwa zamu ya kuzibua mfereji, yeye kachelewa.
Katibu wa kijiji akasoma daftari,
akamaliza Tarqui, kabla ya Tola akaita Ticona,
mara moja, mara mbili, kimya,
na kikao kizima kikaguna: boliviano kumi,
kama mtu yeyote.
Mzee mmoja alitaka asamehewe:
"Maskini, huyu katoka barabarani."
Hapo Limbert akatokea nyuma kabisa, anahema,
sepetu begani, tope hadi magotini,
akaivua ile kofia ili asikike.
Hilaria anasema mashavu yake ni meupe kuliko mikono,
kama viazi vilivyomenywa,
na kwamba kafanana na marehemu kaka yake
hata akaona haya kumtazama.
"Nitalipa," Limbert akasema. "Andikeni."

Kumi! shangazi akafoka. Kumi ni nusu ya kuku!
Na mfereji wenyewe hautoi maji!
Nikamwacha aseme hadi salio likakaribia kwisha.
Nikamuuliza kama wamempa risiti.

Ipo, akasema. Ina muhuri.
Ila jina wamelikosea herufi moja,
na tangu asubuhi kijana hana raha.
Kesho anakwenda kwa katibu
walisahihishe.